Nyumba ya Mbao Juu ya Ardhi ya Mwingine



Kila serikali inapobanwa na uhaba wa nyumba, haikosekani sauti ya kutuambia kwamba dawa ni mbao. Mawe ni ghali, saruji ni ghali, chuma ni ghali zaidi. Mbao ni nyepesi, mafundi wake ni wengi, na nyumba husimama kwa siku chache. Basi wapeni maskini nyumba za mbao, watulie, na mengine yatafuata. Hoja hii husemwa kwa upole, mara nyingi na watu wenye elimu na nia njema, na hata katika safu zetu wapo walioikubali. Ndiyo sababu tumeamua kuijibu kwa kirefu.

Uhaba wenyewe ni wa kweli, na hatuna haja ya kuupunguza. Kwa hesabu ambayo serikali yenyewe imekuwa ikiirudia, nchi huhitaji nyumba mpya 250,000 kila mwaka, na zinazojengwa ni kama 50,000 tu. Pengo lililolimbikizana hukadiriwa kuwa nyumba milioni 2. Desemba 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliahidi nyumba 500,000 katika muda wa miaka mitano. Mwaka 2022 ulifika ahadi haijakaribiwa hata kwa mbali. Serikali iliyofuata ikaja na ahadi kubwa zaidi, nyumba 200,000 kila mwaka. Mwenye njaa hawezi kuziba masikio anapotajiwa chakula, nasi hatuwacheki wanaosikiliza.

Swali letu ni moja, na wenye mipango hawapendi kuulizwa: nyumba hiyo ya mbao itasimama juu ya ardhi ya nani?

Asije mtu akatusingizia kwamba tunaidharau mbao. Nendeni Kinangop, nendeni Limuru, mkaone nyumba za mbao zilizoezekwa mabati, zenye bustani ya viazi nyuma na tangi la maji pembeni. Zimelea watoto waliokwenda vyuo vikuu. Zimewazika wazee kwa heshima. Hakuna afisa aliyewahi kuziita mabanda. Nendeni Lamu mkatazame dari za boriti za mikoko katika nyumba ambazo zimewaona masultani wakija na kuondoka. Mti ni neema ya Mungu, na fundi seremala alikuwa na heshima yake tangu Nazareti.

Sasa zichukueni mbao zile zile, misumari ile ile na mabati yale yale, mkavijengee Mathare. Ghafla nyumba hugeuka kuwa banda, mwenye kukaa ndani yake hugeuka kuwa mvamizi, na tingatinga linaweza kuja alfajiri yoyote. Ni nini kilichobadilika? Mbao haikubadilika. Mkulima wa Kinangop ana hatimiliki katika sanduku chini ya kitanda, na mkaazi wa Mathare hana. Yule akitaka, mwakani ataongeza chumba cha mawe, na mwaka utakaofuata ataongeza cha pili. Huyu hata akipata fedha za kununua mawe hawezi kuthubutu, kwa maana ni nani atakayeweka msingi wa mawe juu ya udongo ambao kesho ataambiwa auache? Hiyo ndiyo siri yote ya jambo hili, na wataalamu wa nyumba wanaijua vizuri kutushinda.

Tutazame sheria yetu, ambayo kwa miaka mingi ilisema kwa ndimi mbili. Kanuni za ujenzi zilizotiwa saini mwaka 1968, ambazo kwa sehemu kubwa zilinakiliwa kutoka kwa Waingereza, zilidai nyumba za vifaa vya kudumu katika miji. Mwananchi wa kipato kidogo aliyekuwa na kiwanja chake na akatamani kujijengea kwa mbao au kwa udongo aliambiwa kwamba amevunja sheria. Ilichukua hadi 1995 kanuni hizo kulegezwa ili vifaa vya bei nafuu vikubaliwe. Wakati huo huo, umbali wa maili chache tu kutoka afisi zilizokuwa zikitekeleza kanuni hizo, chifu wa serikali hiyo hiyo alikuwa akitoa ruhusa za kujenga Kibera kwa sharti moja: kisijengwe chochote cha kudumu! Mwenye kiwanja alikatazwa mbao. Asiye na kiwanja akalazimishwa mbao. Msomaji atafakari mwenyewe kama hilo lilikuwa kosa la makarani au lilikuwa ni mpango.

Kibera inastahili tukae nayo kidogo, kwa maana ni kitabu kizima cha hadithi hii. Neno lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Serikali ya kikoloni iliwaweka pale wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Watu wale walimtumikia Mwingereza vitani. Mwingereza akawaruhusu wakae. Zingatieni neno hilo, ndugu: aliwaruhusu. Hakuwapa. Walikuwa wakaaji wa hisani, wa kuondolewa pindi hisani ikiisha. Uhuru ulipokuja, serikali ya Waafrika iliirithi hisani hiyo pamoja na funguo za afisi. Ardhi ikawa ya serikali, na juu yake machifu na wakuu wa wilaya wakagawa leseni za kukaa kwa muda, mara nyingi wakiwagawia watu ambao hawakuwahi kulala Kibera hata usiku mmoja. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba katika mtaa unaoitwa wa maskini, wengi wa wakaaji ni wapangaji, na wengi wa wenye mabanda wanakaa mitaa mingine yenye taa na mabomba.

Na mpangaji yule alipata nini? Bati likitoboka, mwenye banda alipaswa kumwendea chifu kuomba ruhusa ya kulibadilisha, na mkono mtupu haulambwi. Ukuta ukiinama, ruhusa nyingine, kitu kidogo kingine. Gharama yote ikapandishwa juu ya kodi ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Tuwaambie wale wanaodhani makao ya muda ni ya bei nafuu: hakuna nyumba iliyolipiwa zaidi ya hii, kwa sababu hulipiwa kila mwezi maisha yote na haiwi mali ya mlipaji kamwe. Iliwachukua Wanubi hadi Juni 2017, yaani miaka 99 tangu tangazo lile la 1918, kukabidhiwa hatimiliki ya jumuiya. Ekari walizopewa zilikuwa 288. Zilizobaki kati ya zile 4,197 zimekwisha kuwa mitaa, viwanja na majumba ya watu wengine.

Mathare ina somo lake, na linatuhusu zaidi kwa sababu pale mbao ilijaribiwa waziwazi. Kati ya 1969 na 1971 kampuni za kununua ardhi zilijenga maelfu ya vyumba vya mbao katika bonde lile, safu kwa safu, kwa ajili ya kukodisha. Chanzo cha kampuni hizo kilikuwa chema. Wakaazi walichoka kufukuzwa, wakaamua kuchanga senti zao ili wanunue udongo waliokuwa wakilala juu yake. Lakini mara biashara ilipoonekana ina faida, wenye fedha kutoka nje walinunua hisa, na mchanga wa maskini ukawa mtaji wa tajiri. Vyumba vilijengwa haraka sana, hilo hatukatai. Uhaba wa siku zile ulipungua kwa namna fulani, hilo nalo tunalikubali. Lakini aliyekuwa na hofu ya kufukuzwa na baraza la jiji alianza kuwa na hofu ya kufukuzwa na mwenye chumba. Zaidi ya nusu karne imepita, na Mathare ingali Mathare.

Pwani wanayo namna yao ya dhuluma hii, na wameizoea hata wakaipa jina: nyumba bila ardhi. Katika mitaa mingi ya Mombasa na Malindi, kuta na paa ni mali yako, na kiwanja ni cha bwana mwingine ambaye unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Baba hufa akawarithisha watoto mlango, madirisha na makuti; udongo hawezi kuwarithisha. Mwenye ardhi akiuza, mnunuzi huja na barua ya wakili, nawe unaambiwa uchukue nyumba yako uende nayo. Uende nayo wapi? Bila shaka nyumba ya mbao hubebeka kwa urahisi kuliko ya mawe! Huenda ndilo jambo linalowapendeza waheshimiwa.

Wasomaji wetu wa umri wa makamo hawahitaji kukumbushwa kilichotokea Muoroto. Mei 1990, majuma machache tu baada ya Kenneth Matiba na Charles Rubia kujitokeza hadharani tarehe 3 Mei kudai vyama vingi, Tume ya Jiji, ambayo haikuchaguliwa na mwananchi yeyote, ilituma askari na tingatinga kuvunja makao ya wachuuzi na vibarua wa Muoroto, karibu na katikati ya jiji. Novemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Kibagare. Mbao zilikusanywa zikachomwa. Sufuria na vitabu vya shule vikakanyagwa matopeni. Akina mama wakalala nje na watoto wachanga. Utawala wa chama kimoja ulisema unasafisha jiji. Lakini sisi tuliona kwamba mtu asiye na anwani ya kudumu ni raia wa muda, na raia wa muda hatarajiwi kuwa na sauti. Ukitaka kumnyamazisha, huhitaji kumweka kizuizini kama Matiba na Rubia walivyowekwa Julai ile. Huhitaji zaidi ya kumkumbusha kwamba nyumba yake ni ya mbao.

Waliosimama na watu hao walikuwa makanisa, na tunalisema bila kuwapaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakati magazeti mengi yalikuwa yakitetemeka, mimbari zilinena. Kasisi Timothy Njoya alikuwa amekwisha kuutaja mfumo wa vyama vingi katika mahubiri yake ya Mwaka Mpya wa 1990. Askofu Henry Okullu alinena. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipopigwa na polisi katika bustani ya Uhuru, walipata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu ilihubiriwa sana miaka ile, na kila mtu alijua Ahabu ni nani bila kutajiwa jina. Tunaitaja historia hii kwa sababu leo tunaona baadhi ya viongozi wa dini wakialikwa kubariki uzinduzi wa miradi ya nyumba, wakikata utepe na kupigwa picha, bila kuuliza swali ambalo Nabothi aliuliza. Nabothi hakunyimwa bei nzuri. Ahabu alimwahidi fedha, hata akamwahidi shamba jingine bora zaidi. Alichokataa Nabothi ni kuuacha urithi wa baba zake, na akauawa kwa hilo.

Turudi kwenye mbao zenyewe, kwa maana zina mwenyewe. Ziko wapi? Ziko katika misitu ya umma: misaipresi na misunobari iliyopandwa kwa jasho la wakulima wa vibarua tangu enzi za ukoloni. Historia ya ukataji wa miti hiyo haimpi mwananchi sababu ya kuamini. Ukataji ulipopigwa marufuku mwaka 1999, kampuni chache kubwa ziliachwa ziendelee huku wenye misumeno midogo wakifungiwa. Marufuku nyingine ilitangazwa Februari 2018. Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa, na suala hilo likapelekwa mahakamani. Hatusemi kwamba mti uliopandwa ili ukatwe usikatwe. Tunasema kwamba mpango wa kujenga maelfu ya nyumba za mbao ni zabuni ya mbao kwanza, kisha ndiyo nyumba, na mwenye kuuliza nani atapata zabuni hiyo si adui wa maendeleo.

Na tusisahau Karura. Mwaka ule ule wa 1999, mwezi wa Januari, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi damu ikatoka kwa kosa la kwenda kupanda miti katika msitu wa umma. Msitu ule ulikuwa umekatwakatwa vipande, vikagawiwa watu binafsi ili wajenge. Nyumba zilizokuwa zijengwe pale hazikuwa za mbao wala hazikuwa za walalahoi. Zilikuwa za mawe, na za wakubwa. Hivyo ndivyo mgawanyo ulivyokuwa: tajiri apewe ardhi ya msitu, maskini apewe mabanzi yake. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilipotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hatimiliki kama 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Asije basi mtu kutuambia kwamba ardhi ya kuwapa maskini haipo. Ilikuwapo, ilipewa wengine.

Kuhusu moto tutasema machache, kwa kuwa wasomaji wetu wa Mukuru na Mathare wanaujua kwa macho yao. Mbao iliyotiwa dawa, katika nyumba zilizotengana, karibu na barabara na bomba la maji, haina hatari kubwa. Mbao kavu, chumba mgongoni mwa chumba, waya wa umeme ukining'inia na gari la zimamoto likishindwa kupenya, ni kuni. Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwenye bomba la mafuta na kuwaka katika kijiji cha Sinai, na zaidi ya watu 100 waliteketea. Watu wale walikuwa wakikaa juu ya njia ya bomba kwa sababu ile ile moja: hapakuwa na mahali pengine jijini ambapo wangeruhusiwa kusimamisha mabati yao. Hatari ilianza pale walipokosa ardhi, kabla ya petroli kufika.

Tunajua jibu tutakalopewa, na ni jibu lenye uzito. Mvua inanyesha leo, tutaambiwa. Mtoto hawezi kungoja hadi suala la ardhi la miaka mia moja litatuliwe. Wekeni paa kwanza, hatimiliki itafuata. Mwenye kusema hivi mara nyingi ana moyo mwema kuliko sisi wenye kubishana. Lakini tumwombe atuonyeshe, katika historia yote ya jiji la Nairobi, ni wapi paa lilipokuja kwanza na hatimiliki ikafuata kwa haraka. Wakaazi wa Kibera Soweto Mashariki walihamishwa Septemba 2009 wakapelekwa katika majengo ya Lang'ata kwa muda, ili mtaa wao ujengwe upya. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Muda ule ulikuwa miaka saba. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa amemaliza la saba. Na hao ndio waliobahatika, kwa kuwa kulikuwa na orodha, mikataba na macho ya ulimwengu mzima yakitazama.

Dandora inatupa mfano wa upande wa pili. Mpango ulioanza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliwapa watu viwanja vilivyopimwa, choo na bomba, na haki ya kukaa, kisha ukawaachia wajenge wenyewe. Mwenye chumba kimoja aliongeza cha pili. Mwenye viwili akakodisha kimoja ili ajenge cha tatu. (Tusidanganyane: wengi waliuza viwanja kwa wenye nguvu, na wapangaji wa Dandora ya leo wana vilio vyao.) Lakini hakuna serikali iliyoweza kuipeleka Dandora kwa tingatinga kama ilivyofanya Muoroto. Mtu akiwa na haki juu ya udongo, hata akianza na banzi moja, ataishia na jiwe. Akiwa hana haki, hata akianza na jiwe, ataishia barabarani.

Hayo tuliyaona tena waziwazi mwaka 2024. Mafuriko ya Aprili na Mei yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na kingo za mto Mathare zilikuwa makaburi. Hakuna mwenye akili aliyepinga watu kuondolewa kwenye mkondo wa maji. Lakini tazameni walivyoondolewa. Sheria za ardhi, kama zilivyorekebishwa mwaka 2016, zinataka ilani ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumwondoa mtu hata katika ardhi ya umma. Watu wa Mathare na Mukuru walipewa saa. Tingatinga lilifika huku matope yakiwa bado hayajakauka, likavunja mbao ambazo maji yalikuwa yameziacha. Kila familia ikaahidiwa shilingi 10,000 za kwenda kutafuta pengine. Pengine ni wapi? Ni kando ya mto mwingine.

Na mwaka ule ule ambao nyumba hizo zilivunjwa ndio mwaka ambao mishahara yetu ilikatwa kwa ajili ya nyumba. Tangu Julai 2023, kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, mfanyakazi alitozwa asilimia 1.5 ya mshahara wake wote, na mwajiri asilimia 1.5 nyingine. Mahakama Kuu ilitamka tarehe 28 Novemba 2023 kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba. Januari 2024 Mahakama ya Rufani ikakataa kuusimamisha uamuzi huo. Machi 2024 Bunge likapitisha sheria mpya ya nyumba za bei nafuu, Rais akaitia saini tarehe 19, na makato yakarudi. Mwalimu hulipa. Muuguzi hulipa. Mlinzi wa usiku anayelala Mukuru mchana hulipa. Tumekwisha kutoa fedha, basi, hatuombi sadaka. Mwenye kulipa mawe hawezi kuambiwa apokee mbao na ashukuru, wala mwenye kulipia nyumba hawezi kuambiwa kwamba ardhi iliyo chini yake haikuwa sehemu ya mapatano.

Katiba tuliyoipigania kwa machozi, tukaipata Agosti 2010, inamtambulia kila mtu katika Kifungu cha 43 haki ya makao yanayofikika na yanayotosha, na ya usafi unaofaa. Haisemi makao ya muda. Hakuna mahali inaposema kwamba haki hiyo hutolewa na chifu na kuondolewa na mkuu wa wilaya. Wengi waliokuwa Kamukunji tarehe 7 Julai 1990 walitoka katika vyumba vya mbao. Walirudi usiku ule wakiwa na majeraha katika vyumba vile vile. Na wengi wao, au watoto wao, wangali humo. Walituletea vyama vingi. Vyama hivyo vimekuja kuwaomba kura kila uchaguzi tangu 1992, na kila mara vimepanda juu ya jukwaa la mbao.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu zetu katika parokia, katika vikundi vya akina mama na vya vijana, wafanye jambo moja dogo ambalo halihitaji leseni ya polisi. Sheria inadai wananchi washirikishwe kabla ya mradi wowote wa umma kuanza. Mradi wa nyumba utakapoletwa mtaani kwenu, wa mbao au wa mawe, msiende kwenye baraza kupokea soda na kofia. Nendeni mkiwa na kalamu. Mmoja asimame aulize nambari ya usajili ya ardhi ile, na imesajiliwa kwa jina la nani. Mwingine aulize kama mkaaji atapewa hatimiliki, au mkataba wa miaka mingapi, na watoto wake watairithi au la. Mama mjane aulize, mradi ukikwama, yeye aliyevunjiwa chumba chake atalala wapi, na nani amelitia saini jibu hilo. Na afisa akijibu kwamba mambo ya ardhi yatashughulikiwa baadaye, katibu wa kikundi aliandike jibu hilo neno kwa neno, pamoja na cheo cha aliyelitoa na tarehe, alisome kwa sauti mbele ya baraza zima, kisha amwombe afisa huyo atie sahihi chini yake kabla hajapanda gari.